Mikono Iliyoambiwa Ipumzike

Kwa maneno ya jirani yao, Mama Osiako, Pascalia wa Shinyalu alikuwa amegeuka malkia. Alidai kisimani kwamba alimwona kwa macho yake mawili, jua limeshapanda, ameketi barazani mikono imevishwa soksi, huku bintiye Cindy akipinda mgongo shambani. "Hata kikombe cha uji anashikiwa!" alisema, na wanawake wakacheka mpaka ndoo zikayumba.

Soksi zilikuwa za kweli. Umalkia haukuwepo. Miaka mingi ya kuchuma majani chai ilikuwa imekwangua mistari ya vidole vya Pascalia. Alipokwenda kuomba pasipoti, mashine ya alama za vidole ilimkataa, na aliporudi ikamkataa tena. "Mama, kapumzishe mikono, upake mafuta, ndipo urudi," aliambiwa. Na huko ng'ambo, kibali chake cha kazi ya kutunza wazee kilikuwa kimeshatoka, nacho kingeisha mwisho wa mwezi. Bila pasipoti, nafasi ile ingekwenda kwa mwingine, pamoja na karo ya Cindy ya sekondari.

Basi Cindy alichota maji, akaosha sufuria, akachuma chai. Jioni alimkanda mama yake vidole kwa mafuta.

"Naona mstari!"

"Huo ni mkunjo wa uzee, wewe," Pascalia alicheka. "Tafuta kwingine."

Jumamosi kabla ya safari ya tatu ya pasipoti, Nekesa, rafiki yake Cindy, alipita mbio. "Cindy! Fahali wanapigana leo! Ama utabaki na masufuria yako?"

"Majani umeshachuma?" Pascalia aliuliza kutoka barazani.

"Nimechuma na kupeleka, Mama."

Hakuwa amechuma hata jani moja.

Aliporudi, vumbi limemkaukia kooni, alimkuta mama yake katikati ya michai, kikapu mgongoni, mikono bila soksi. Karani wa kituo cha kununulia majani chai alikuwa amepiga simu kuuliza mbona majani hayajafika, na lori lilikuwa karibu kuondoka. Vidole vilikuwa vyeusi kwa utomvu, vimepasuka upya.

"Mama, wacha mimi..."

"Shika kikapu."

Jumatatu Cindy aliomba ruhusa shuleni ili amsindikize. Afisa alipangusa kioo cha mashine, akajaribu kidole baada ya kidole, akatikisa kichwa. "Rudi mwezi ujao, mama."

Walipotoka nje, Cindy alianza kulia.

"Usilie kwa sababu ya fahali," Pascalia alisema. "Mtoto kucheza si kosa. Ungeniambia hujachuma, ningemwomba hata huyo Mama Osiako anichumie, na mdomo wake. Lakini uliniambia kazi imekwisha, nikakaa. Niambie ukweli hata kama ni mbaya, nijue la kupanga."

"Nisamehe, Mama."

"Nimekusamehe. Lakini msamaha hauoteshi alama za vidole."

Kisha akampa simu, maana mikono ilimuuma. "Waandikie wale mawakala walionitafutia kazi. Usifiche kitu. Sema mashine imenikataa, na useme kwa nini. Waombe waniongezee mwezi mmoja tu."

Cindy aliandika yote, hata habari za fahali, akatuma. Punde alama mbili chini ya ujumbe zikageuka buluu.

"Wamesema nini?"

"Wamesoma, Mama."

Walingoja jibu mpaka mwezi ukaisha, na kibali kikaisha nao.