Alama ya Vema Isiyo Haki Yake

Kila asubuhi kabla ya shule, Pini alifagia vipande vya vitambaa chini ya cherehani ya mama yake huku akikariri vitenzi vya Kiingereza. Wenzake walimwita Pini kwa kuwa alikuwa mwembamba na mama yake alikuwa fundi wa nguo. Wiki hiyo walijifunza vile vitenzi vikaidi visivyobadilika: leo “cut”, jana “cut”, leo “put”, jana “put”. Mama hakujua Kiingereza hata cha kuombea maji, lakini ndiye aliyemsikiliza. Alishona huku ametega sikio. Neno la pili likitofautiana na la kwanza, aliguna, na Pini akarudia.

Jumatano mwalimu alitoa jaribio la vitenzi thelathini. Atakayeongoza angewakilisha shule kwenye mashindano ya Kiingereza, na Pini aliitaka nafasi hiyo kwa moyo wote. Kama ilivyokuwa desturi ya darasa lao, wanafunzi walibadilishana madaftari na kusahihishana kwa penseli. Daftari la Pini lilimwangukia jirani yake wa dawati, mvulana mpenda kula aliyeitwa Kijiko. Pini akapata thelathini kwa thelathini. Msichana mmoja, aliyeitwa Twiga kwa urefu wake, alimfuata kwa ishirini na tisa. Darasa likapiga makofi, naye Pini akavimba kichwa kidogo, tusifiche.

Alipofika nyumbani alifungua daftari amwonyeshe mama. Macho yake yakagota kwenye nambari ya kumi na saba. Alikuwa ameandika “hurted”, na neno lenyewe halibadiliki! Alilijua fika; haraka ndiyo ilimponza. Kando yake palikuwa na alama ya vema. Pini alilifunga daftari, akamwambia mama atamwonyesha kesho.

Asubuhi alimuuliza Kijiko kulikoni.

“Mimi nikukague wewe?” Kijiko alicheka. “Nilipiga vema zote, nikafunga daftari. Pini hakosei. Sasa nyamaza, nani atajua?”

Maneno hayo yalimchoma. Mwenzake alikuwa amemwamini kiasi cha kutosoma, na Twiga alikuwa amenyimwa haki ya kulingana naye bila kujua. Pini aliona aibu kuliko siku zote. Kabla kengele haijalia alikuwa mlangoni pa ofisi ya walimu, akieleza kila kitu bila kumtia Kijiko lawamani.

Mwalimu alisahihisha alama pale pale: ishirini na tisa. Kwa kuwa sasa walilingana, aliwaita Pini na Twiga ubaoni mbele ya darasa, kila mmoja na vitenzi kumi. Pini alijikwaa kwenye cha tisa. Twiga hakujikwaa popote. Pini alilengwalengwa na machozi, lakini alimpa Twiga mkono, tena kwa nguvu.

Mwalimu akaeleza darasa jinsi alama zilivyobadilika, kisha akatoa kalamu nyekundu mfukoni.

“Twiga ameshinda kwa haki, na mashindano ni yake,” alisema. “Lakini kuanzia leo Pini atanisaidia kusahihisha madaftari yenu. Mtu anayeliona kosa lake na kulisema, huyo ninaweza kumwamini na makosa ya wengine. Sifa usiyoistahili haikai, watoto wangu, uaminifu unakaa.”

Pini aliipokea kalamu kwa mikono miwili. Hata Kijiko alipiga makofi, ingawa alikuwa ametazama chini.

Jioni alimsimulia mama yote, hata ya kujikwaa. Mama alisimamisha cherehani katikati ya mshono, na mteja aliyekuwa akingojea suruali yake akauliza kama imeharibika.

“Suruali yako iko salama,” mama alimjibu. “Ningoje kidogo tu, nimtazame mwanangu.”