Nani Amewaua Fukusi?

Ilikuwa mwezi wa Mei, mwaka wa 1971. Mvua ilinyesha kila alasiri juu ya milima ya Manga. Mong'ina alitoa kikapu cha mahindi ghalani, akaketi mlangoni, akaanza kupukuchua. Hakupata mahindi. Alipata vumbi. Kila punje ilikuwa na tundu, na fukusi walitembea juu ya vidole vyake.

"Bosibori, lete ungo!" alimwita binti yake.

Bosibori alikuwa na umri wa miaka kumi na saba. Alisoma kidato cha tatu katika shule ya harambee iliyojengwa kwa michango ya wazazi, mwendo wa saa moja kwa miguu. Walipepeta pamoja. Kikapu kizima kilitoa konzi nne tu za punje nzima.

"Na mavuno ni Agosti," Mong'ina alisema polepole. "Tutakula ndizi mpaka migomba itukatae."

Baba yake Bosibori, Mzee Ongeri, alirudi kutoka shamba la pareto. Mkononi alishika mkebe wenye picha ya ng'ombe.

"Mwaka huu fukusi hawanishindi," alisema. "Ndugu yangu amenipa dawa ya kupe. Inaua kupe mara moja. Tukivuna tu, namwagia mahindi yote."

Bosibori alishtuka. "Lakini Tata," alisema, maana hivyo ndivyo Wagusii wanavyomwita baba, "mahindi hayo tutakula sisi."

"Tutayaosha."

"Na kama dawa haitoki?"

"Wewe uko na dawa nyingine? Miaka mitatu unasoma sayansi. Niambie, hiyo sayansi yako inasema nini juu ya fukusi?"

 Katika daftari la Bosibori kulikuwa na picha ya mdudu aliyoinakili ubaoni. Aliweza kutaja kichwa, kidari na tumbo. Lakini hakuna siku darasa lake lilikuwa limemshika mdudu hata mmoja.

Kesho yake alimsubiri mwalimu wa sayansi nje ya darasa. Mwalimu Jemimah Angwenyi alikuwa mgeni shuleni. Shule ilikuwa na kuta za udongo na haikuwa na maabara.

"Mwalimu, dawa ya kupe inaweza kutiwa kwenye mahindi ya kula?"

"Kamwe!" alisema Mwalimu Jemimah. "Ile ni sumu. Inaingia ndani ya punje, na kuosha hakuiondoi. Mtu atatapika, atatetemeka, anaweza hata kufa. Nani anataka kufanya hivyo?"

Bosibori alitazama chini. "Tata."

Mwalimu alifikiri kidogo. "Ukimwambia asiweke hiyo, atakuuliza aweke nini. Unajua aweke nini?"

"Sijui."

"Basi tutafute. Darasa zima."

Asubuhi hiyo mwalimu hakuandika kitu ubaoni. Aliwauliza wanafunzi nyumbani kwao wanazuiaje fukusi. Mmoja alisema nyanya yake hutumia jivu. Mwingine alisema maua makavu ya pareto hufukuza viroboto kitandani, pengine na fukusi pia.

"Nani kati yao anasema kweli?" mwalimu aliuliza. "Tujaribu tuone."

"Mwalimu, hatuna maabara," alisema Alfayo, kijana aliyependa kukaa mbele.

"Una macho, Alfayo?"

"Ndiyo."

"Unajua kuhesabu? Kwenu kuna mikebe mitupu ya mafuta ya kupikia?"

Darasa likacheka. Alfayo pia akacheka.

Walijigawa makundi ya watu watano. Kila kundi lilileta mikebe mitatu iliyolingana. Yote ilijazwa mahindi ya aina moja. Mkebe wa kwanza haukutiwa dawa yoyote. Wa pili ulichanganywa na jivu kavu lililochekechwa. Wa tatu ulichanganywa na maua ya pareto yaliyokaushwa na kusagwa.

"Kwa nini tupoteze mkebe mmoja bila dawa?" Alfayo aliuliza.

"Huo ni wa kulinganishia," alijibu mwalimu. "Bila huo, utajuaje kwamba ni dawa iliyofanya kazi?"

Kisha kila mkebe ulitiwa fukusi hamsini. Kazi ya kuwakamata haikuwa ndogo. Walipanda juu ya mikono, wakaingia mifukoni, mmoja akapotea katika nywele za Bosibori. Ili wasitoroke, wanafunzi walifunga vifuniko na kuviziba kwa nta ya mshumaa. Wakaandika tarehe.

Siku thelathini zilipita. Kundi la Bosibori na Alfayo lilifungua mkebe wa pareto. Fukusi wote wamekufa. Wakafungua wa jivu. Wote wamekufa. Alfayo alipiga makofi.

Bosibori alifungua mkebe usio na dawa. Akaumwaga juu ya gazeti, akahesabu, akarudia kuhesabu. Wote wamekufa.

"Haiwezekani," Alfayo alinong'ona. "Andika walikuwa hai. Mwalimu anataka hivyo."

"Siandiki."

"Tutapata sifuri!"

"Alfayo, chochote utakachoandika hapo, Tata yangu atakwenda kukifanya nyumbani, na sisi tutakula. Siandiki uongo."

Aliandika: wote wamekufa. Makundi mengine yaliona vivyo hivyo. Mwalimu Jemimah alisoma madaftari yote, uso wake ukachangamka.

"Vizuri. Mmeandika mlichoona. Sasa niambieni, hawa wa mkebe wa kwanza nani amewaua? Si jivu. Si pareto."

 Bosibori aligeuza kifuniko mkononi. Nta ilikuwa bado imeshika pembeni.

"Ni hewa," alisema. "Tuliziba sana. Walivuta hewa ikaisha."

"Hilo ni wazo. Bado si jibu. Utalijaribu vipi?"

Bosibori alifikiri. "Tuanze upya. Mikebe mitatu tuifunike kwa kitambaa, hewa iingie. Mkebe wa nne tuujaze mpaka juu bila dawa, halafu tuuzibe kwa nta."

Mwalimu alimpa chaki. "Njoo uwaandikie wenzako."

Jioni Mzee Ongeri aliposikia habari hiyo alicheka. "Siku thelathini nzima, na bado hamjui?"

"Tunajua moja, Tata: wanaweza kufa hata bila dawa. Mengine tutajua kabla ya mavuno."

"Mahindi hayangojei shule. Yakiingia ghalani kabla hujaleta jibu, namwaga dawa yangu."

Kesho yake makundi yote yalianza upya kama Bosibori alivyoandika ubaoni. Tangu siku hiyo alipita darasani kila asubuhi kuangalia mikebe. Vitambaa vilipolegea, alivikaza kwa kamba ya mkonge. Panya walipoanza kuzunguka, yeye na Alfayo walitundika mikebe juu ya boriti.

Safari hii walipanga kungoja siku arobaini, na siku ya mwisho ilikaribia. Bosibori alimwambia baba yake, "Kesho tunafungua. Njoo uhesabu wewe mwenyewe."

"Mimi nikahesabu wadudu pamoja na watoto?"

Mong'ina aliinua kichwa kutoka jikoni. "Nenda, Baba Bosibori. Mimi ndiye ninayepika. Nataka kujua ninapika nini."

Mzee Ongeri alikwenda. Alisimama mlangoni mwa darasa, kofia mkononi. Mwalimu Jemimah alimsalimu kwa heshima, akamwekea kiti mbele ya mikebe ya kundi la binti yake.

Mkebe usio na dawa, uliofunikwa kwa kitambaa, ulimwagwa kwanza. Gazeti lote lilijaa fukusi wanaotembea. Mzee Ongeri alihesabu kwa sauti, kwa Ekegusii, mpaka akapita mia mbili. Punje zilikuwa vumbi, kama zile za nyumbani.

Katika mkebe wa jivu walikuwa hai watatu tu. Katika mkebe wa pareto hakuna aliyekuwa hai. Mkebe uliozibwa kwa nta, bila dawa yoyote, nao ulikuwa na wafu watupu.

"Kwa hiyo ilikuwa hewa kweli!" alisema Alfayo.

Lakini katika kundi jingine, mkebe wa jivu ulikuwa na fukusi hai wengi. Mzee Ongeri akauonyesha kwa kidole. "Na huu? Jivu limeshindwa?"

"Mlitia jivu kiasi gani?" mwalimu aliwauliza.

"Kijiko kimoja, Mwalimu. Na mahindi yetu yalikuwa na unyevu kidogo."

"Umesikia, Mzee? Jivu kidogo halitoshi. Hawa wengine walitia kipimo kimoja cha jivu kwa vipimo vinne vya mahindi. Na dawa yoyote inashindwa kama mahindi hayajakauka."

"Nitajuaje yamekauka?"

Bosibori mwenyewe alimjibu, kama mwalimu alivyowafundisha. Alitia punje chache za mahindi ya kundi hilo katika chupa kavu, akaongeza chumvi kavu, akatikisa. Chumvi ilishika kioo.

"Haya bado, Tata. Yakikauka, chumvi haishiki chupa."

Mzee Ongeri aliichukua chupa akaitikisa mwenyewe. Kisha alinusa mkebe wa pareto.

"Ni pareto hii hii ninayopeleka kwa ushirika?"

"Ni hiyo hiyo," alisema mwalimu. "Lakini uichekeche na kuosha mahindi vizuri kabla ya kusaga. Na ile dawa ya kupe ibaki ya ng'ombe, mbali na chakula na watoto."

Mzee Ongeri alitikisa kichwa. "Nachuma dawa kwa mikono yangu, halafu naenda kuomba sumu kwa watu."

Jioni hiyo alimrudishia ndugu yake ule mkebe wa dawa ya kupe, akamweleza sababu.

Agosti mavuno yalikuja. Kwanza walisafisha ghala. Walifagia kila ufa na kuchoma mabua na mahindi ya zamani, maana huko ndiko fukusi hujificha. Walianika mahindi juani siku nyingi, wakiyaingiza ndani kila mawingu yalipotokea. Kila jioni Mzee Ongeri alitikisa chupa yake ya chumvi. Mara mbili Mong'ina alisema yametosha. Mara mbili mzee alisema bado.

Chumvi ilipoacha kushika, walipukuchua. Sehemu moja walichanganya na jivu, nyingine na pareto, kwa vipimo vile vile vya darasani. Mahindi ya mbegu Mong'ina aliyajaza katika madebe mpaka juu, akaziba vifuniko kwa nta.

Desemba walikula ugali. Januari walikula ugali. Majirani walipoanza kupepeta vumbi, Bosibori na Alfayo waliwaita, wakawaonyesha kila hatua, tangu kufagia ghala mpaka kuziba debe.

Mvua ya Machi iliponyesha, Mong'ina alifungua debe la kwanza la mbegu. Alimwaga punje kwenye kiganja. Zilikuwa nzima, ngumu, hazina tundu. Alipanda shamba lote la mteremkoni.

Siku ya nane alimwita Bosibori waende kuangalia. Mahindi yalikuwa yameota mstari kwa mstari. Mong'ina alitembea kutoka mwanzo wa shamba hadi mwisho akitafuta pengo la kujazia, na mbegu za akiba alizobeba alizirudisha nyumbani.