Uzi Mdomoni mwa Bawabu

Kila alasiri, akishavua sare za shule, Chiriku alikaa kwenye kigoda kibandani kwa baba yake, fundi viatu, akashona soli zilizoachia. Waliompa jina hilo hawakukosea, maana binti huyo wa miaka kumi na miwili alikuwa hanyamazi. Alizungumza na wateja, akazungumza na viatu, na zaidi akazungumza na Bawabu, mbwa wao, ambaye licha ya jina lake hakuwahi kumzuia mtu yeyote kuingia.

Baba alikuwa na sharti moja tu. Uzi wa viatu aliupaka mafuta ya ng'ombe ili upite vizuri kwenye ngozi, na kwa mbwa mafuta hayo hunukia kama nyama. Kwa hiyo sindano ikae ama mkononi ama ndani ya kopo lenye kifuniko, basi.

Siku hiyo wenzake walimwita kuruka kamba. Chiriku aliiacha sindano na uzi wake juu ya kigoda, akatimua mbio.

Aliporudi, Bawabu alikuwa chini ya meza, akikohoa na kujikuna mdomo, mate yanamchuruzika. Kigoda kilikuwa kitupu. Chiriku alielewa palepale.

"Ile sindano uliirudisha kwenye kopo?" baba aliuliza.

"Ndiyo, baba." Uongo mkavu, tena bila kupepesa macho!

"Basi huu ni mfupa."

Jirani yao, muuza matunda, alikuja mbio na kikombe cha maji ya chumvi. "Mnyweshe, atapike!"

"Ngoja kwanza," baba alisema, akimpanua mbwa mdomo. "Kuna uzi hapa chini ya ulimi. Labda kauokota sakafuni." Akachukua koleo.

Chiriku alishikwa na hasira. Alimkasirikia jirani na kikombe chake, akamkasirikia baba na maswali yake, hata Bawabu kwa ulafi wake. Alimkasirikia kila mtu isipokuwa mwenye kosa. Koleo likaubana uzi, mbwa akalia.

"Usivute!" Chiriku alipiga kelele. "Uzi una sindano! Niliiacha kwenye kigoda, baba. Nimekudanganya!"

Baba alifura, mishipa ya shingo ikamsimama. Aliuachia uzi, akambeba Bawabu, wakakimbia hadi kwa daktari wa mifugo, mtaa wa tatu kutoka pale.

"Amemeza nini? Saa ngapi?" daktari aliuliza. Chiriku alijibu bila kuficha chochote.

"Mmemtapisha? Mmeuvuta uzi?"

"Tulikaribia," baba alikiri.

"Mlikaribia kumuua!" daktari alifoka. "Kitu chenye ncha kikirudi juu kinachana njia nzima. Ukivuta uzi, unamjeruhi zaidi. Mbwa akimeza kitu msimpe dawa za kubahatisha. Mleteni upesi, mniambie ukweli, kwa sababu yeye hawezi kunieleza!"

Picha ya eksirei ilionyesha sindano imekwama kooni. Bawabu alidungwa dawa ya usingizi, mlango ukafungwa. Kwa saa nzima baba na binti walikaa benchi moja, na baba hakumtazama hata mara moja.

Daktari alipotoka na kusema sindano imetolewa na mbwa atapona, Chiriku aliangua kilio. Hapo ndipo baba alipomgeukia.

"Kusahau sindano, hata mimi husahau. Hilo lisingenikasirisha hivi. Kilichoniuma ni ile 'ndiyo, baba' yako. Niliiamini, mwanangu. Kwa sababu niliiamini, nilishika koleo kumchana koo mbwa wako kwa mikono yangu mwenyewe, huku nikidhani namsaidia. Mtu anayetaka kukusaidia hutumia kile ulichomwambia. Ukimpa uongo, msaada wake utaumiza."

"Nisamehe, baba."

"Nitakusamehe," baba alijibu. "Lakini leo bado nina hasira."