Nani Husimama Nyuma ya Imamu?

Kila asubuhi Echata hukaanga vitumbua vya mchele mbele ya nyumba yake, mtaa wa Tsaramandroso, mjini Mahajanga, Madagaska. Mumewe, Daoud, alikuwa fundi mwashi. Alizoea kula viwili akiwa amesimama, kisha kwenda kazini. Jumatatu moja ya mwaka 2021 alipanda boti kwenda kujenga ng'ambo ya ghuba. Boti ikapinduka. Watu watano waliokolewa. Daoud hakuonekana.

Echata hakujua kama yeye ni mke au mjane. Hakuweza kukaa eda, wala kumzika mtu asiyeonekana. Kila jioni mama mkwe wake, Bi Sitti, alimpigia simu kutoka kisiwa cha Nosy Be. Aliuliza swali lile lile, kwa Kikomori.

"Umemwona kwa macho yako?"

"Bado, mama."

"Basi mwanangu hajafa."

Wazamiaji walishindwa. Maji ya mto Betsiboka, unaoingia katika ghuba hiyo, ni mekundu kwa udongo; ukitia mkono, huvioni vidole vyako.

Tadjiddine, kaka yake Echata, alifanya kazi kwenye mabwawa ya kufugia kamba. Huko walikuwa na roboti nne zinazoelea, kila moja kubwa kama beseni la kufulia. Roboti hizo hupeleka sauti chini ya maji. Mwangwi unaporudi, huchora umbo la kitu kwenye skrini. Tadjiddine aliziomba, akapewa siku mbili tu.

Siku ya kwanza aliipa roboti moja ramani, iwe kiongozi. Zile tatu aliziagiza jambo moja: ifuate iliyo mbele yako. Kiongozi akanasa kwenye mizizi ya mikoko. Ya pili ikafuata, ikanasa. Ya tatu na ya nne vivyo hivyo. Maji yakapwa, zote zikabaki kwenye tope mpaka jua likatua. Fuata nyuki ule asali, ndivyo tunavyosema. Nyuki akipotea tule nini, hatusemi. Siku nzima ilikwenda bure, na katika joto lile kila saa ilizidi kuuharibu mwili wa Daoud.

Tadjiddine alirudi nyumbani, akashindwa kumtazama dada yake. Jirani yao Kouraichia, mwalimu wa chuo cha ufundi, alikuwa amekuja kuwapa pole. Aliisikiliza habari yote, kisha akamuuliza:

"Msikitini, nyuma ya imamu husimama nani?"

"Anayejua kusalisha."

"Kwa nini?"

"Udhu wa imamu ukitenguka, yeye asogee mbele."

"Na imamu akikosea?"

"Maamuma nyuma yake husema Subhanallah, naye hujua amekosea."

"Roboti zako husema nini?"

"Hazisemi kitu," alijibu Tadjiddine.

Kouraichia akamweleza polepole. Kundi lenye kiongozi mmoja ni rahisi kuliendesha, lakini huyo mmoja akikwama, wote wamekwama. Kwa hiyo roboti ya pili nayo ipewe ramani. Kila mfuasi apeleke taarifa kwa kiongozi kila baada ya muda mfupi. Asiposikika, kiongozi amngoje. Kiongozi mwenyewe asiposikika, wa pili ashike nafasi yake. Tena ziende kwa safu, bega kwa bega. Hapo zitapima eneo pana, na moja ikinasa, nyingine hazitaingia mtego ule ule. Wakakaa wawili hao mbele ya kompyuta, wakabadilisha maagizo yote.

Siku ya pili, saa tatu asubuhi, kiongozi alinasa kwenye wavu uliotupwa. Taarifa zake zikakatika. Safari hii nyingine zilisimama. Kisha ya pili ikasogea mbele, na mbili zilizobaki zikajipanga upya kando yake. Saa sita mchana, roboti iliyokuwa pembeni kabisa ilichora umbo la mtu. Kama zingefuatana moja nyuma ya nyingine, hakuna ambayo ingepita pale.

Wazamiaji wakamtoa. Echata alimtambua kwa mkanda wa suruali, wenye tundu alilolitoboa yeye mwenyewe kwa msumari. Daoud alizikwa katika makaburi ya Antanimasaja alasiri ile ile. Tangu siku hiyo, Tadjiddine hatumi roboti majini kabla ya kujiuliza swali la Kouraichia.

Jioni ya siku ile ya maziko simu iliita.

"Umemwona kwa macho yako?"

"Nimemwona, mama."

Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu, Echata akamsikia Bi Sitti analia. Hakukata simu. Aliketi chini, akalia naye.