Matope ya Obura

Mwaka ule wa ukame, mwaka wa unga wa njano wa msaada, hakuna mtu aliyekuwa na matope Makongeni, Nairobi. Vumbi lilikuwepo la kugawia hata miji mingine. Ndiyo maana Roseline, aliposhika ufagio asubuhi na kukuta bonge la matope mabichi kwenye ngazi ya mlango, jekundu, lenye chapa ya kisigino cha buti, alimwita mumewe aje alione kabla halijakauka.

Okoth alilisukuma kando kwa mguu. "Watoto wa mtaa hao," alisema, na yeye mwenyewe hakuyaamini maneno yake, kwa sababu jana yake jioni alisikia mtu akikwangua viatu pale pale.

Okoth alikuwa fundi wa mabehewa ya reli, mtu wa nati na grisi, asiye na muda wa mambo ya mizimu. Lakini alishazika watoto wawili, na huyu wa tatu alikuwa ndiye roho yake. Mtoto alizaliwa akilia na akaendelea kulia. Mama Adhiambo, mamake Okoth, aliyekuja kutoka Siaya kumsaidia mkaza mwanawe, akafanya kama Wajaluo walivyofanya tangu zamani: akamtajia mtoto majina ya wafu wa ukoo, moja moja, mpaka alisikie lake na kunyamaza. Mtoto alizidi kupiga kelele.

"Mbona humtaji Baba?" Okoth aliuliza.

Mama alisita, akajifanya anatafuta kitambaa. Basi Okoth akalitamka mwenyewe: "Obura." Mtoto akanyamaza, akashika titi. Okoth alifurahi mpaka machozi yakamtoka. Babake hakumjua, alijua tu kwamba alichukuliwa na Keya, jeshi la Mwingereza, akafia Burma. Jioni hiyo hiyo ndipo walipousikia mkwaruzo.

Tangu hapo ukawa unakuja kila jua likizama. Kwanza harufu ya mvua na ya rangi ya viatu, kisha buti kwenye ukingo wa ngazi, kwaru, kwaru, taratibu, za mtu aliyefunzwa asiingie na uchafu nyumbani kwa watu. Kisha kimya cha mtu aliyesimama. Hakubisha hodi hata mara moja. Okoth akifungua, haoni mtu. Na muda wote aliosimama huyo asiyeonekana, mtoto alilikataa titi, na kila siku alichelewa zaidi kulirudia, hata mbavu zikaanza kuonekana.

"Usifungue tena," Mama alinong'ona, akashusha komeo.

Majirani walisema ni jini, akaletwa Maalim Abdiqadir kutoka Majengo. Alifukiza ubani, akasoma, jioni ikamkuta hapo. Mkwaruzo ulipoanza aliacha kusoma, akasikiliza mpaka ukaisha.

"Jini hangoji kukaribishwa," alisema kwa sauti ya chini. "Huyu anangoja. Mwenye jina alilopewa mtoto huyu amezikwa wapi?"

"Alifia Burma, lakini kaburi lake liko Siaya, nyumbani."

"Uliona akizikwa?"

"Nilikuwa mchanga, Maalim."

"Basi ukaulize."

Okoth aliliomba sanduku la bati la mamake. Ndani mlikuwa na cheti cha ubatizo cha Obura, medali moja, na karatasi ya jeshi iliyosema amepotea Burma mwaka wa arobaini na nne. Chini kabisa, ndani ya leso, palikuwa na picha ya mwanamume mwembamba, amevaa koti la jeshi na buti zinazong'aa. Nyuma ilikuwa na muhuri wa mpiga picha: Nairobi, 1947.

Okoth alimwonyesha mamake. Mama akaketi sakafuni.

"Tulimlilia," alisema. "Maiti haikuja, tukazika yago, lile tunda refu zito, kaburini badala ya mwili, kama desturi ilivyo. Halafu mvua ndefu za mwaka wa arobaini na saba zikamleta. Jioni. Nilimsikia akikwangua matope mlangoni nikamjua, hakuna mwingine aliyekwangua vile. Lakini kaburi lake lilikuwa hapo uani. Mtu aliyekwisha kuzikwa akivuka kizingiti, chira, laana ya kuvunja mwiko, inamla mtoto, na wewe ulikuwa na surua, Okoth, ulikuwa unawaka. Nilishusha komeo. Akasema, 'Adhiambo, mimi si mzimu. Nipe hata maji.' Sikumpa. Asubuhi nikaikuta picha hii mlangoni."

Okoth alitaka kukasirika, akashindwa. Aliiona tu ile homa yake ya utotoni na komeo lile.

Aliichukua picha mpaka Kaloleni, kwa wazee wa Keya. Mmoja wao, Mzee Mativo, aliisogeza karibu na macho.

"Huyu tulikaa chumba kimoja," alisema. "Alikuwa askari wa usiku. Jioni kabla ya kazi alikuwa anaenda kusimama karibu na geti la reli. Akikuona umetoka kazini, anarudi. Nikamwambia, si umsalimie kijana wako? Akasema, 'Nikimgusa atakufa.' Alipougua nilitaka tuwatafute watu wake. Akakataa. 'Mimi nina kaburi tayari.' Tukamzika Lang'ata, sisi wenyewe."

Okoth alirudi kwa miguu akilia barabarani, mtu mzima na ovaroli yake.

Jioni ile mtoto hakuwa na nguvu hata ya kulia. Harufu ya mvua iliingia chini ya mlango, mkwaruzo ukaanza.

"Nitafungua nimkaribishe," Okoth alisema.

"Akivuka, mtoto anaisha," Mama alisema.

"Mama, mtoto anaisha hata sasa," Roseline alisema polepole.

Mama Adhiambo aliwatazama mmoja mmoja. Alifunga kitambaa chake vizuri kichwani, akachota maji mtungini kwa kikombe, akainua komeo.

"Kama yeye hawezi kuingia," alisema, "mimi nitatoka."

Mlango ulifungwa nyuma yake, na wao wawili ndani, wasithubutu hata kusogea, wakamsikia akisema, "Obura, nisamehe, maji ndiyo haya," kisha wakasikia mtu akinywa, akinywa kwa kiu ambayo kikombe kimoja kisingeiweza, na bado akinywa, kisha buti zikashuka ngazi na kwenda, na kando ya buti nyayo tupu, pamoja, bila haraka, mpaka zikapotea upande wa njia ya reli. Mtoto akageuza kichwa, akalitafuta titi.

Okoth alipotoka alimkuta mamake ameketi kwenye ngazi, ameegemea ukuta, kikombe kitupu mapajani, mwili bado una joto. Hakuwa na pumzi. Nyayo zake zilikuwa zimejaa matope mekundu mabichi.

Obura mdogo alinenepa, akatambaa, akasimama. Mkwaruzo haukurudi. Lakini tangu alipojua kutembea, akitoka kucheza hukwangua miguu yake kwenye ukingo wa ngazi, taratibu, hata siku za jua, na hakuna aliyemfunza. Kisha husimama nje ya mlango ulio wazi, kimya. Okoth huacha lolote analofanya, akamwambia, "Ingia, Baba." Ndipo huingia.