Hotuba Ambayo Rispah Hakuisema

Kila Ijumaa baada ya sala, jamaa wenye asili ya Unguja wanaoishi Al-Suwaidi, mjini Riyadh, hukutana nyumbani kwa Bi Wahida. Hula pilau, kisha watoto husoma Kiswahili, maana wazee hawataki lugha iwapotee. Kila mtoto husimama mbele ya wageni akasoma insha yake.

Arwa, binti wa Bi Wahida mwenye miaka kumi na miwili, hakuwa na shida na insha. Shida yake ilikuwa vikombe. Wageni wakishakunywa chai, yeye na Rispah, mfanyakazi wa nyumbani kutoka Kenya, ndio walioviosha, huku kaka yake Marwan akijinyoosha kwenye zulia kama bwana harusi. Jambo hili lilimkera sana. Lakini kumlalamikia mama? Thubutu.

Ijumaa moja aliyewafundisha watoto alikuwa ami yake, Mselem, mwalimu wa historia aliyekuja likizo kutoka Jeddah.

"Zamani Warumi walitawala nchi nyingi," alisema. "Baadhi ya waandishi wao wa historia waliiona dhuluma ya dola yao wenyewe, lakini kuisema waziwazi ilikuwa hatari. Basi katika vitabu vyao, wakifika penye vita, humsimamisha jemadari wa adui awahutubie askari wake. Yeye ndiye husema kwamba Warumi ni waporaji wasioshiba."

"Na kweli aliyasema hayo?" aliuliza Marwan.

"Nani alikuwapo akayaandika? Mara nyingi mwandishi aliyatunga mwenyewe. Kinywa cha mgeni, mawazo ya Mrumi. Haya, Ijumaa ijayo kila mmoja alete hotuba ya mgeni kama huyo."

Arwa akaona amepata upenyo. Ijumaa iliyofuata alisimama kifua mbele, akasoma: "Mimi Rispah nasema, nyumba hii haina huruma. Wageni wanakula, mimi naosha. Nimechoka na vikombe vyenu, na hakuna anayeniuliza."

Wageni walitazamana. Bi Wahida alidhani Rispah amekuwa akimnong'oneza mtoto wake malalamiko, na sasa amemwaibisha mbele ya jamaa. Walipoondoka tu, alimwita Rispah.

"Nimekukosea nini hata unisengenye kwa mwanangu? Ile likizo yako ya wiki ijayo isimame kwanza. Halas, yamekwisha."

Rispah alikuwa hajamwona mwanawe Bonface kwa miaka miwili. Zawadi zake zilikuwa zimekwisha fungwa.

"Madam, mimi sijasema kitu," alijibu taratibu, kisha akarudi jikoni.

Arwa aliyasikia yote akiwa mlangoni. Aliona vibaya mno. Akamfuata ami yake sebuleni.

"Ami, mimi nimefanya ulivyotufundisha."

"Umefanya nusu," alisema Mselem. "Yule jemadari alikuwa mbali, au alikwisha kufa. Kitabu hakikuweza kumdhuru. Rispah yumo humu ndani, na kafili wake, anayemdhamini nchini humu, ni babako. Wanasema ulimi uliponza kichwa. Wako umeponza kichwa cha mwenzio. Nenda kaseme lako."

Arwa alikwenda kwa mama yake.

"Mama, Rispah hakuniambia lolote. Ni mimi niliyechoka na vikombe. Marwan hulala, mimi naosha. Niliogopa kukwambia, nikajificha nyuma yake."

Bi Wahida alimketisha kando yake.

"Ungeniambia tu, mwanangu," alisema. Kisha akamwita Rispah, akamtaka radhi mbele ya watoto, jambo ambalo Arwa hakuwahi kuliona. "Safari yako iko palepale. Na wewe Marwan, inuka. Vikombe vinakusubiri."

Rispah alifuta machozi kwa pembe ya mtandio. Arwa alimsogelea.

"Nisamehe, dada Rispah. Kama ungesema mwenyewe, ungesema nini?"

Rispah alimtazama kwanza Bi Wahida, naye akamwashiria aseme.

"Vyombo si shida, hiyo ni kazi yangu. Shida ni simu yangu. Madam hukaa nayo mpaka kazi iishe, na hiyo saa Bonface ashalala. Sisi huongea tu shule zikifungwa, akiruhusiwa kukesha."

Neno la simu halikuwamo katika hotuba ya Arwa, wala hakuwahi kulifikiria. Bi Wahida aliingia chumbani, akarudi na simu.

"Kaa nayo," alisema. "Sikulijua hilo, na wala sikukuuliza."

Rispah alitoka nayo kwenda ukumbini. Punde wakamsikia akicheka na Bonface.

"Waandishi wale walithubutu, na mengi waliyoyasema juu ya dola yao yalikuwa kweli," alisema Mselem. "Lakini yule mgeni mwenyewe angesema nini, hatujui mpaka leo, kwa kuwa hawakumuuliza. Arwa, lako liseme kwa kinywa chako. La mwenzako, muulize kwanza."