Kiroboto Kwenye Foleni ya Kobe

Ofisi ya kampuni ya simu ilijaa hadi mlangoni jioni ile, na namba zilikuwa zinaitwa kwa mwendo wa konokono. Kinyozi alishika namba sitini na mbili. Laini yake ilikuwa imepotea, kola ya shati lake la buluu imejaa vinywele vya watu wengine, na kiti pekee kilichobaki kilikuwa kando ya msichana aliyevaa koti jeupe la duka la dawa juu ya gauni la kijani. Gauni lile lilimkaa utadhani alizaliwa nalo.

"Sitini na moja!" sauti iliita kutoka kaunta.

Msichana hakusikia. Macho yote kwenye simu, vidole vinatwanga kioo.

"Dada, si wewe sitini na moja?"

"Subiri, subiri. Kobe amebakiza damu kidogo."

"Kobe?"

"Sitini na moja! Naita mara ya mwisho!"

"Dada, utapoteza zamu."

"Zamu ya hapa nitachukua nyingine. Ya kobe nimeingoja siku nne."

Kinyozi akasimama, akaenda kaunta, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Samahani, sitini na moja ni mke wangu. Anakuja, miguu imemfa ganzi." Msichana alipoinua kichwa, ofisi nzima ilikuwa inamtazama kwa huruma.

"Nimeolewa lini mimi?" aliuliza alipomaliza shida yake.

"Sasa hivi, kwa namba. Ukitaka talaka panga foleni."

Alicheka hadi akashika mbavu. Usiku huo walipigiana simu saa nzima, na kesho yake hivyo hivyo. Baada ya miezi minane yeye akawa anaitwa Dokta, ingawa alikuwa muuza dawa tu, na Kinyozi alikuwa hawezi kupanga wiki yake bila kumweka Dokta ndani. Wazee wake Kinyozi walishakubali kwenda kujitambulisha nyumbani kwa kina Dokta Jumamosi moja ya mwisho wa mwezi. Mama yake Dokta alishanunua vitambaa vipya vya meza.

Sasa huyo kobe. Katika mchezo ule wa mtandaoni, watu hupita bonde la wanaoanza kwa siku mbili tatu, wakapanda levo, wakaenda kupigana na majoka huko mbele. Dokta na wenzake saba hawakwenda popote. Kila siku saa kumi na mbili jioni, akitoka kazini, walikusanyika bondeni kumpiga bosi mmoja tu, adui mkuu wa bonde lile, kobe mkubwa kama nyumba. Anakufa kwa dakika nne, anafufuka baada ya dakika kumi na moja, wanampiga tena. Mara chache sana huacha gamba la dhahabu, na gamba huchukuliwa na aliye mbele ya foleni. Ukishapata, unarudi nyuma. Ila kobe yule ana masharti: ukizidi levo ya kumi hakupi kitu. Kwa hiyo levo ikikaribia kupanda inabidi ufe, maana anayekufa hupunguziwa. Wanajipanga mbele ya kobe, wanakanyagwa kwa hiari yao, wanaanza upya.

"Mnakufa makusudi ili msikue?" Kinyozi aliuliza aliposimuliwa.

"Ndiyo."

"Na hiyo ni starehe?"

"Mpenzi, kutwa nzima watu wananikoholea usoni na kunigombeza kwamba dawa imeisha. Kobe hakohoi. Kobe najua atainua mguu gani."

Akipenda, chongo huita kengeza. Miezi ya mwanzo Kinyozi aliona ni kituko kizuri, akawa anamchemshia chai huku yeye akitwanga kobe. Kisha siku moja hedifoni zikaharibika, Dokta akafungulia spika, na sauti ya mwanamume ikajaa sebuleni, nzito, tulivu, ya mtu asiyekuwa na haraka na maisha.

"Komamanga, njoo nyuma yangu. Hapo hapo. Usiogope."

Komamanga ndilo jina la Dokta kule. Mwenye sauti aliitwa Ngao. Kazi yake ilikuwa kusimama mbele na kula vipigo vyote vya kobe, wenzake wakipiga kwa nyuma.

"Levo inataka kupanda," Ngao alisema. "Tufe mimi na wewe. Wengine wabaki."

"Haya, tufe," Dokta akajibu, anatabasamu.

Kinyozi alijua kabisa ni mchezo. Roho yake ndiyo haikujua. Chai ilipoa mkononi.

"Huyo Ngao ana mke?"

"Sijui."

"Ana miaka mingapi?"

"Sijui, mpenzi. Najua ana damu elfu tatu."

"Na wewe unakaa nyuma ya mtu usiyemjua?"

Dokta aliweka simu chini. "Kinyozi, wewe kutwa unashika mashavu ya watu. Mimi nimewahi kukuuliza shavu la nani?"

Kinyozi angekuwa na akili ya siku za kawaida angeishia hapo. Lakini wivu ukishaingia ndani haukai sebuleni, unataka kufungua kila chumba. Jumatatu yake, kiti cha kunyolea kikiwa kitupu, alijiunga na mchezo ule kwa siri, akajipa jina la Kiroboto, akaingia bonde la wanaoanza. Kwa Dokta alisingizia kwamba jioni wateja wamezidi. Kwa kundi alisingizia maiki mbovu, akawa anaandika tu.

Siku ya kwanza alimrukia kobe kabla hajaambiwa, akakanyagwa hata salamu hazijaisha. Watu saba walicheka. Wa nane hakucheka.

"Usijali, Kiroboto," sauti ya Dokta ilisema masikioni mwake. "Sote tulianza hivyo. Chukua viatu vyangu vya zamani. Simama hapa, piga nikikwambia. Na foleni wewe ni wa tisa, sawa? Hapa hatukati foleni."

Alimfundisha jioni nne mfululizo bila kupandisha sauti hata mara moja. Na Ngao? Kinyozi alimsikiliza kama hakimu. Ngao aliongea habari za kobe, miguu ya kobe na dakika za kobe, basi. Hakuna neno lililostahili kesi. Lakini ukimchunguza sana bata, humli, na Kinyozi alikuwa ameshaanza kuinua manyoya.

Tatizo likaja kwingine. Kiroboto alikuwa mcheshi. Zile dakika kumi na moja za kumngoja kobe afufuke, aliandika vichekesho, na Dokta akawa anacheka kicheko kile kile cha ofisi ya simu, cha kushika mbavu. Saa mbili usiku Kinyozi akampigia kama kawaida.

"Leo nimecheka, wewe! Kuna mgeni mmoja tumempata, Kiroboto, mtundu huyo!"

"Anachekesha kuliko mimi?"

"Siku hizi? Ndiyo. Wewe siku hizi unahoji tu."

Kinyozi hakula. Alilala chali akimchukia Kiroboto kwa moyo wake wote. Kesho yake akaandika mzaha mbovu kwa makusudi, ili asichekewe. Akachekewa zaidi. Nyie, mmewahi kuona mtu anataka kujipiga ngumi akakosa pa kuanzia?

Siku tano kabla ya ile Jumamosi, alimwandikia Dokta pembeni, wenzao wasione.

"Komamanga, nataka tuonane ana kwa ana."

"Asante, Kiroboto, lakini nina mtu wangu. Kinyozi. Ana mikono myepesi na maswali mengi."

Hapo palitosha. Mtu mwingine angefunga simu, akaimba njia nzima. Yeye akaongeza: "Unampenda?"

"Nampenda. Ila nikitabasamu anauliza nimemtabasamia nani. Nimeanza kutabasamu kidogo kidogo."

Alisoma maneno yale mara tatu, mashine ya kunyolea ikinguruma bure mkononi. Badala ya kuona aibu, akataka ushindi kamili. "Basi mwache," aliandika. "Njoo kwangu."

Kobe alikuwa ndiyo kwanza anafufuka. Dokta akamtoa Kiroboto kwenye kundi, mbele ya wote.

Usiku huo sauti yake kwenye simu ilikuwa imechoka. "Nimemfukuza yule mgeni. Nimejisikia vibaya, unajua. Nilimwona mtu mwema."

Na Kinyozi, furaha imempanda kichwani, akasema, "Vizuri sana, kipenzi! Na ulivyomwambia una kinyozi wako mwenye mikono myepesi!"



"Nimekwambia nimemfukuza," Dokta alisema polepole. "Sijakwambia nilimwambia nini."

"Dokta..."

"Ni wewe."

"Nilitaka tu kujua..."

"Mimi hupima watu homa kila siku. Huwa nawaambia kwanza, 'Nakupima.' Wewe umeniwekea kipimo kwapani nimelala." Sauti ilianza kukatika. "Viatu vyangu nilikupa wewe! Jumamosi msije. Mama nitamwambia mwenyewe."

Mchimba kisima huingia mwenyewe, na hiki alikichimba kwa bidii. Simu hazikupokelewa. Dada yake Kinyozi alimtazama Jumamosi ile akiwa amekaa na suti yake ya kijivu aliyoazimia kuvaa, akamwambia, "Kaka, umenyang'anywa mchumba na wewe mwenyewe. Hata pa kupeleka ugomvi huna." Alicheka, kisha akaona machozi, akaketi kando yake.

Wiki ya pili Kinyozi akaenda duka la dawa. Alipanga foleni kama mgonjwa, nyuma ya watu sita.

"Unaumwa nini?" Dokta aliuliza bila kuinua macho.

"Wivu."

"Muda gani?"

"Tangu utotoni, nadhani. Umezidi mwezi huu."

"Dawa yake hatuuzi. Anayefuata!"

"Mwanangu, mpe hata ya maumivu," mama mmoja aliyekuwa nyuma alisema, na foleni ikaangua kicheko. Dokta hakucheka. Lakini Kinyozi alipofika mlangoni aligeuka, akaona anajifuta macho kwa mkono wa koti.

Ijumaa ya wiki iliyofuata Dokta aliingia kinyozini mchana, gauni la rangi ya maziwa, mkoba begani. Mteja aliyekuwa kwenye kiti akajua mwenyewe, akatoka kuvuta hewa na nusu ya nywele zake.

"Kundi letu linakutana wikiendi hii," Dokta alisema. "Mji mwingine, siku mbili. Wote wanane. Ngao naye yumo. Naondoka kesho alfajiri."

Kinyozi aliweka mashine mezani.

"Hutapiga simu. Hutatuma mtu. Nikirudi sitaeleza kitu. Ukiweza hilo, tutaongea. Usipoweza, tusipotezeane muda."

"Siwezi kukuahidi sitaona wivu, Dokta. Nitakudanganya."

"Sijakuomba usione. Nimekuomba ukae nao mwenyewe, usinibebeshe mimi."

Zile siku mbili tuziache. Niseme tu kwamba watu wanne walitoka kinyozini pale na mistari iliyopinda, na mmoja alikuwa bwana harusi. Mara kumi na saba aliishika simu. Mara kumi na saba akaiweka juu ya kabati, mahali ambapo inabidi apande kiti kuifikia.

Jumapili saa kumi jioni ikaita yenyewe.

"Niko stendi. Mkoba umekuwa mzito."

Alifika anahema. Basi lilikuwa limesimama kupakua mizigo, na mlangoni Dokta alikuwa anashuka, nyuma yake kijana mmoja amembebea mkoba. Kinyozi alikuwa amemwomba Mungu Ngao awe mzee, au kibogoyo, au hata mwanamke mwenye sauti nene. Mungu alikuwa na shughuli nyingine. Kijana alikuwa mrefu, mabega mapana, meno meupe, shati la kitani limefunguliwa vifungo viwili, na alipofungua mdomo ilikuwa ile ile sauti isiyokuwa na haraka.

"Wewe ndiye Kinyozi? Mimi Ngao. Naendelea na basi hili."

Dokta alisimama kati yao akimtazama Kinyozi usoni, hapepesi.

Kinyozi akampa Ngao mkono. "Safari njema, ndugu yangu. Asante kwa kumbebea." Akachukua mkoba.

Walitembea hadi mwisho wa stendi, katikati ya wauza maji na wapiga debe. Maswali yalitembea na Kinyozi. Walikaa wapi? Walikula meza moja? Yule kijana anajua kwamba Dokta hulala na soksi?

"Umekula?" aliuliza.

"Nimekula." Hatua kumi. "Kinyozi, nakupa swali moja. Moja tu. Uliza chochote, nitakujibu ukweli, hata kama utauma."

Alisimama. Aliweka mkoba chini. Maswali yote ya siku mbili yakamkimbilia mdomoni kwa pamoja, na kila moja lilikuwa na mabega mapana. Dokta alimngoja, uso umekakamaa, na kwa mara ya kwanza Kinyozi aliona kwamba naye anaogopa. Alikuwa anaogopa swali litakalotoka.

"Jumamosi hii," alisema, "naomba niwalete wazee wangu kwenu. Utakubali nikuoe?"

Dokta alifunika mdomo kwa mikono miwili. Machozi yalishuka juu ya vidole.

"Ndiyo," alisema. "Ndiyo, wewe mjinga wangu." Kisha, baada ya kujifuta, "Na lile lingine?"

"Lipi?"

"Lililokukwama kooni."

"Lipo," alisema Kinyozi, akainua mkoba. "Acha likae."

Walioana miezi mitatu baadaye, na nina habari kwamba Dokta bado anampiga kobe kila jioni, levo ya kumi, foleni ile ile. Mumewe humchemshia chai. Ngao akisema "njoo nyuma yangu," kikombe hugonga kisahani kidogo, Dokta husikia, na hakuna anayesema kitu. Mpaka leo Kinyozi hajui walizungumza nini siku mbili zile, na hajauliza.